Njeo Hubebwa Mara Moja

Afisa yeyote anayepokea barua za kuomba kazi, awe Dar es Salaam au Nairobi, ameuona mstari huu mara nyingi kiasi kwamba macho yake huupita bila kusimama: “With reference to the above heading.” Nukta inawekwa, kisha aya mpya inaanza. Mwombaji ana shahada, amesomeshwa kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza, na hakukosea herufi hata moja. Lakini alichokifunga kwa nukta si sentensi. Ni kipande kilichokatwa kwenye sentensi ambayo haikuandikwa.

Shuka mwishoni mwa barua hiyohiyo utakuta “Hoping to hear from you soon.” Fungua faili la kumbukumbu za mikutano ya kamati utakuta “The chairman having opened the meeting at 10.00 a.m.”, na nukta yake. Katika insha za sekondari wamo akina “Because the rain was heavy.” na “Whereby the villagers refused.”, wamesimama peke yao kana kwamba wametimia. Sura za makosa haya ni mbalimbali, ila mzizi ni mmoja, na mzizi huo ndio unaozaa pia “Did you went?”, “He doesn’t knows” na “She can to cook”. Shuleni kila kosa husahihishwa kivyake: wiki hii sentensi, muhula ujao vitenzi. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopotea. Sentensi kamili na kirai kitenzi, katika Kiingereza, ni somo moja linalotazamwa kutoka pande mbili.

Wengi wetu tulikaririshwa kwamba sentensi ni fungu la maneno linalotoa wazo kamili. Fasili hiyo ni kongwe. Ilitoka kwa wanasarufi wa Kigiriki na Kilatini, ikaingia katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18, kile cha Robert Lowth cha 1762 na kile cha Lindley Murray cha 1795, na hatimaye ikafika madarasani kwetu pamoja na lugha yenyewe. Ubaya wake ni kwamba haipimiki. Mtu akipiga kelele “Fire!” na watu wakakimbia, wazo limefika lote, ila sentensi haipo. “He did it.” ni sentensi kamili kwa mwanasarufi yeyote, ilhali msomaji hajui ni nani wala alifanya nini. Mwaka 1952 Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika kitabu chake The Structure of English, alieleza kwamba fasili za sentensi zinazopingana zimepita 200. Yeye aliziweka kando, akachukua mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, akachunguza watu halisi wanaanzia wapi na wanakomea wapi.

Kwetu fasili hiyo ina madhara ya ziada. Mwombaji wetu wa kazi akiusoma mstari wake anapata wazo kamili kabisa: nazungumzia jambo lililotajwa hapo juu. Ukimwambia wazo halijatimia atakubishia, na atakuwa na haki.

Kipimo kinachofanya kazi ni cha umbo. Chukua maneno uliyoyaandika, yapeleke jana, kisha yarudishe kwenye mazoea ya kila siku, uone kama kuna neno linalobadilika. “The guard opens the gate every morning”. Jana, “The guard opened the gate”. Neno limebadilika, kwa hiyo hapo pana kitenzi chenye njeo. Sasa jaribu “With reference to the above heading”. Iwe jana, iwe leo, hakuna kinachotikisika, kwa sababu kitenzi hakimo. Jaribu “The chairman having opened the meeting”. Jana ni “having opened”, kesho ni “having opened”. Vitenzi vimo viwili na hakuna hata kimoja kinachobeba njeo. Aina hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, maana mwandishi anaviona vitenzi na kuamini kazi imekwisha.

Marekebisho ni madogo. “The chairman opened the meeting at 10.00 a.m.” “I hope to hear from you soon.” Na ile ya juu: “I am applying for the post of assistant accountant advertised on 3 May.” Sioni mwajiri atakayeililia ile “above heading”.

Kuna sharti la pili. “Because the rain was heavy” ina njeo, kwani “was” hugeuka “is”, na ina kiima chake. Kinachoizuia kusimama ni “because”, kiunganishi kinachokifanya kishazi kizima kimtegemee mwenzake. Hili si geni kwetu. Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekubali “Kwa sababu mvua ilikuwa kubwa” isimame peke yake katika insha. Lakini “whereby” ina kisa chake. Matumizi yake haya yametokana na “ambapo”, ambayo watangazaji na waandishi wetu wa habari wameizoea kuanzishia sentensi mpya: nukta, kisha “Ambapo mkuu wa wilaya amewataka wananchi…” Tulichokilegeza katika Kiswahili kinatufuata hadi Kiingereza. Amri, kama “Sit down”, zina ruhusa yake: kiima hakitajwi wala njeo haionekani, sawa na “Kaa” yetu, na ni sentensi halali.

Inafaa kusema mapema kwamba mzungumzaji wa Kiswahili haji kwenye somo hili mikono mitupu. Mpe mtoto wa darasa la sita “Wanafunzi wanaoishi mbali na shule” na “Wanafunzi wanaishi mbali na shule”, naye atakwambia mara moja ipi imekwisha na ipi inangoja. Silabi moja, ile “o” ya urejeshi, imemwambia. Kiingereza huficha tofauti hiyo ndani ya umbo la -ing. “Students living far from school” ni wale wanaoishi. Bado tunangoja tuambiwe wamefanya nini. “Students are living far from school” ni wanaishi, na tumemaliza. Kinachozitenga hizo mbili ni “are”. Mwanafunzi akijizoeza kujiuliza kama -ing aliyoiandika ni “wanaoishi” au “wanaishi”, vipande vingi vya sentensi vitakufa kabla ya kufika kwa msahihishaji.

Sasa tuingie mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana kwelikweli.

“Nimekuja.” Hiyo ni sentensi kamili ya neno moja. Kiima kimo, “ni”, hali ya kutimilika imo, “me”, tendo limo. Ukitaka unaweza kupachika na yambwa: “Nimekiona”. Ukitaka kukanusha, huongezi neno. Unabadilisha viambishi na kusema “Sijakiona”. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba vyote mgongoni, na ndiyo maana E. O. Ashton, katika Swahili Grammar yake ya 1944, ilimbidi atumie sehemu kubwa ya kitabu kuwaeleza wageni viambishi hivyo kimoja kimoja. Kiingereza kimetawanya mzigo huohuo katika maneno yanayosimama mbalimbali: “I have come”, “I have seen it”, “I have not seen it”. Kiima ni neno, njeo iko katika neno jingine, ukanushi ni neno la tatu, yambwa la nne.

Matokeo ya kwanza ni kwamba katika Kiingereza kiima lazima kionekane kwa jina au kwa kiwakilishi, hata pale ambapo hakuna kitu cha kutajwa. “Inanyesha” inakuwa “It is raining”, na hiyo “it” haimwakilishi yeyote, si mvua, si mbingu. “Kuna watu nje” inakuwa “There are people outside”. Wanaojifunza huandika “Is raining” kwa sababu kwao kiima kimeshajificha ndani ya kitenzi, kama kilivyozoea.

Matokeo ya pili ni kinyume chake: kiima kinatajwa mara mbili. “Baba anafanya kazi Tanga” ina “baba” na ina “a”, na hiyo “a” ni ya lazima hata “baba” akiwa ametajwa. Mwanafunzi anaitafsiri “a” hiyo kwa uaminifu mkubwa na kupata “My father he works in Tanga”. Ndugu yake ni “The book which I bought it”, iliyozaliwa na “kitabu nilichokinunua”, ambamo “cho” na “ki” zinakaa pamoja bila ugomvi. Mwanafunzi huyo hakosi akili wala bidii. Amehesabu viambishi vyote vya kwao na kukipa kila kimoja neno lake.

Tukifika kwenye kirai kitenzi, nitalitumia jina hili kwa maana yake finyu, yaani msururu wa vitenzi visaidizi pamoja na kitenzi kikuu. Mwanaisimu Noam Chomsky na wafuasi wake hujumuisha humo na yambwa na mengineyo, na wana sababu zao, ila kwa mwandishi wa barua na mwalimu wa Kidato cha Kwanza maana finyu inatosha. Ndiyo iliyotumiwa na Randolph Quirk na wenzake watatu katika A Comprehensive Grammar of the English Language ya 1985, kitabu chenye zaidi ya kurasa 1,700 ambacho hakuna haja ya kukisoma chote.

Msururu huo una nafasi nne za visaidizi kabla ya kitenzi kikuu, na mpangilio wake haugeuki kamwe. Inatangulia nafasi ya akina “can”, “may”, “must”, “will”. Inafuata “have” ya hali timilifu. Kisha “be” ya tendo linaloendelea. Kisha “be” ya kauli ya kutendwa. Huhitajiki kuzijaza zote. Unaweza kuruka yoyote, ila huwezi kuzipindua. Ukizijaza zote unapata “The bridge might have been being repaired”, daraja huenda lilikuwa likikarabatiwa. Waingereza wenyewe husema hivyo kwa nadra, lakini hakuna hata mmoja atakayesema “been have might”. Hakufundishwa kanuni hiyo na mtu yeyote. Anayo tu, kama wewe unavyojua bila kufundishwa kwamba “nitawaona” haiwezi kuwa “tawaniona”.

Uzuri wa mfumo huu uko kwenye jinsi neno linavyolitawala linalolifuata. “Might” hudai umbo la asili, ndiyo maana tuna “have” na si “has” wala “had”. “Have” hudai lile umbo la tatu tulilokuwa tukiimba darasani, go, went, gone, ndiyo maana tuna “been”. “Be” ya kuendelea hudai -ing, ndiyo maana tuna “being”. “Be” ya kutendwa hudai tena umbo la tatu, na hiyo ni “repaired”. Kila neno huamrisha jirani yake wa kulia, na mamlaka yake yanaishia hapo. Chomsky alionyesha hayo mwaka 1957 katika kijitabu Syntactic Structures: kwa kanuni moja fupi aliweza kuzalisha njeo, “may”, “have” na “be” kwa mpangilio wake, kisha kanuni ya pili ikarusha kila kiambishi kwa kitenzi kinachofuata. Kauli ya kutendwa aliiongeza kwa kanuni nyingine. Watu wamebishana na Chomsky kwa mengi tangu hapo, lakini uchambuzi ule wa visaidizi ndio uliowashtua wengi wakaamini kwamba sarufi ina hesabu ndani yake.

Msururu huu haukushuka mbinguni ukiwa mzima. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza walisema “The house is building”, nyumba inajenga, wakimaanisha inajengwa. “The house is being built” ilipoanza kuenea ilichukiwa na wasomi. Mmarekani Richard Grant White aliitengea sura nzima ya kuishambulia katika Words and Their Uses, 1870. Leo hakuna anayekumbuka ugomvi huo, na kosa ni kusema ile ya zamani.

Lakini jambo la kushika kuliko yote ni hili: katika msururu mzima, njeo hubebwa na neno la kwanza peke yake. Kama familia iliyopanda basi tiketi zote zikiwa mkononi mwa mmoja. Konda akishaziona kwa huyo, hawaulizi waliobaki. “She has been cooking”: “has” ndiyo inayojua kwamba ni sasa na kwamba ni yeye mmoja. “Been” na “cooking” hazijui lolote. Ukipeleka jana, “has” inageuka “had”, na zile nyingine hazijigusi.

Kiswahili kina misururu pia, na watu husahau hilo. “Alikuwa anasoma.” “Walikuwa wameondoka.” “Nitakuwa nimefika.” Tazama kilichomo: kiambishi cha kiima kiko katika kitenzi cha kwanza na kinarudi katika cha pili, na kila kitenzi kina alama yake ya wakati au ya hali. Kwetu kila mmoja hubeba tiketi yake. Basi mtu aliyekulia katika utaratibu huo anapouliza “Did you went?” amefanya lililo halali kwao: alama ya wakati uliopita ameiweka katika “did” na akairudia katika “went”. “He doesn’t knows” ni hilohilo kwa kiima cha nafsi ya tatu. “She can to cook” inatoka kwenye “anaweza kupika”, ambamo “ku” haiachwi. Makosa matatu, sura tatu katika kitabu cha mazoezi, kanuni moja.

Sasa angalia kanuni hiyo inavyofanya kazi nyingine. Ukitaka kuuliza, neno la kwanza la msururu ndilo linaloruka kiima: “She has been cooking” inakuwa “Has she been cooking?” Ukitaka kukanusha, “not” inakaa baada ya neno la kwanza: “She has not been cooking”. Ukitaka kujibu kwa mkato, unataja neno la kwanza na kuacha mengine yote: “Yes, she has.” Wala hakuna haja ya kukariri kanuni tofauti za kuuliza katika present perfect, nyingine za past continuous, nyingine za passive. Iko moja.

Shida inatokea pale ambapo msururu una neno moja tu. “She cooks.” Neno la kwanza ndilo kitenzi kikuu, na Kiingereza cha leo hakikiruhusu kitenzi kikuu kuruka kiima wala kufuatwa na “not”, isipokuwa “be”. Hapo ndipo “do” inapoajiriwa. Haina maana yoyote, kazi yake ni kupokea njeo ili kitenzi kikuu kibaki kitupu: “Does she cook?”, “She does not cook”. Ile s ya “cooks” haikupotea, imehamia kwenye “does”. Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi s hiyo ikihama ubaoni, kwa chaki ya rangi, amewaokoa zaidi na “Does she cooks?” kuliko yule anayewaandikisha mstari huo mara 20.

Ajira ya “do” nayo ina historia. Katika karne ya 16 mtu aliweza kuuliza “Know you him?” au “Do you know him?”, na kukanusha kwa “I know him not”, zote zikakubalika. Alvar Ellegård, msomi wa Sweden, alifuatilia ushindani huo katika maandishi ya karne kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 1953. Ni mojawapo ya tafiti za kwanza kuipima sarufi kwa takwimu. Biblia ya King James ya 1611 ilishika njia ya zamani, na mara nyingi inaweka “not” baada ya kitenzi kikuu. Kwa hiyo mhubiri wa Kakamega au Mbeya anayesema “I know not” madhabahuni hajakosea Kiingereza. Anatumia sarufi ya miaka 400 iliyopita, na akiiandika katika ripoti ya fedha ya kanisa ndipo patakuwa na tatizo.

Majibu ya mkato yanastahili neno zaidi, kwa sababu yanaweza kuumiza. Muuguzi anamuuliza mgonjwa anayesubiri upasuaji: “You haven’t eaten this morning?” Mswahili ambaye hajala anajibu “Yes”, akimaanisha ndiyo, ni kweli, sijala. Katika Kiingereza “yes” huambatana na upande wa kukubali, “Yes, I have”, na “no” huambatana na ukanushi. Muuguzi Mwingereza anaweza kuelewa kwamba chai imeshanywewa, na upasuaji ukaahirishwa. Kinga ni kutoacha “yes” au “no” peke yake, malizia na neno la kwanza la msururu: “No, I haven’t.” Hapo hakuna wa kukuelewa vibaya. Ile “isn’t it?” tunayoipachika mwishoni mwa kila kitu, “You went to Arusha, isn’t it?”, inatokana na “sivyo?” na inavunja kanuni hiyohiyo, kwa kuwa Kiingereza sanifu kinataka mkia urudie neno la kwanza: “didn’t you?” Sina hasira nayo sana. Wahindi wanaisema, Wawelsi wanaisema, na vijana wa London wameifupisha ikawa “innit”. Lakini katika karatasi ya mtihani ni kosa.

Hapa niseme wazi kuhusu lile jedwali la njeo 12 linaloning’inia katika kuta za madarasa. Wakati uliopo, uliopita na ujao, kila mmoja ukiwa na sura nne: tatu mara nne ni 12. Linapendeza kwa macho na ni rahisi kulitungia mtihani, lakini limefundisha uongo kidogo na uchovu mwingi. Kwa umbo la kitenzi, Kiingereza kina njeo mbili tu, ya sasa na ya jana. Hivyo ndivyo Quirk na wenzake wanavyohesabu. “Will” ni ndugu wa “can” na “may”, na mara nyingi haizungumzii wakati ujao hata kidogo. Ukisema “Don’t call him, he will be in a meeting”, unakisia jambo la sasa hivi. Na wakati ujao unaweza kusemwa bila “will”: “The bus leaves at six tomorrow.” Mwanafunzi anayekariri visanduku 12 anahitaji kukariri pia ukanushi wa kila kimoja, na swali la kila kimoja, na kauli ya kutendwa ya kila kimoja, mpaka vinakaribia 50. Anayejua nafasi nne na neno la kwanza hujenga vyote mwenyewe, hata vile ambavyo mwalimu hakufika kuvitaja.

Kuna kosa jingine linalovuka na sisi, na halizungumzwi inavyostahili. “Alifika nyumbani, akavua viatu, akaketi, akaomba maji.” Huo ni mwendo mzuri wa masimulizi, “ka” inaunganisha matendo na koma inatosha. Mwanafunzi anaandika “He reached home, he removed his shoes, he sat down, he asked for water”, na msahihishaji anachora mstari mwekundu. Kila kishazi hapo kina kiima na kina njeo, yaani kila kimoja ni sentensi kamili, na Kiingereza rasmi hakikubali sentensi kamili zifungwe kwa koma peke yake. Hakina “ka”. Kinachokaribia ni kutaja kiima mara moja na kuviorodhesha vitenzi, cha mwisho kikitanguliwa na “and”: “He reached home, removed his shoes, sat down and asked for water.” Kumbe kosa la kipande na kosa la koma ni watoto pacha. Wa kwanza amekosa njeo, wa pili anazo nyingi zisizofungwa.

Je, vipande vimeharamishwa kabisa? La. Charles Dickens alifungua Bleak House, riwaya iliyotoka kwa sehemu mwaka 1852 na 1853, kwa aya zinazoeleza matope na ukungu wa London bila kitenzi chenye njeo katika vishazi vyake vikuu. Hakukosea, aliondoa wakati ili ukungu usiwe na mwanzo wala mwisho. Magazeti hufanya hivyo kila asubuhi: “Minister sacked”, “Two killed in lorry crash”, “President to visit Mwanza”. Angalia kilichoondolewa: “was”, “were”, “is”. Kila mara ni neno la kwanza la msururu, lile lenye njeo, kwa kuwa tarehe iliyo juu ya ukurasa inatosha. Hasara yetu ni kwamba kwa wanafunzi wengi vichwa vya magazeti ndivyo Kiingereza wanachokisoma kila siku nje ya darasa, nao huviiga katika insha, ambako hakuna tarehe ya kuwasaidia. Anayetaka kuvunja kanuni aivunje akiwa ameijua. Msomaji mzoefu hutambua katika mistari miwili kama kipande kimewekwa au kimeponyoka.

Ombi langu ni kwa walimu wa Kidato cha Kwanza, na kwa wale wa Kenya wanaowaandaa watoto kwa kifungu chenye mapengo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, ambamo pengo likiangukia kwenye “has”, “did” au “been” mtoto lazima asome neno la kushoto na la kulia kabla ya kujaza. Jedwali la njeo 12 lishusheni ukutani kwa muhula mmoja. Wapeni wanafunzi aya ya gazeti, wapigie mstari neno lenye njeo katika kila sentensi, waipeleke aya yote jana, waigeuze iwe maswali, kisha waikanushe. Fanyeni hivyo kila Jumatatu kwa dakika kumi, na katika mtihani wa mwisho wa muhula hesabuni wenyewe ni wangapi bado wanaandika “did went”.